Mama Apumzike Kibirizi

Sista wa zahanati hakutoa dawa nyingi. Alimsikiliza Eustadia kifuani, akamsikiliza mgongoni, akakunja mipira yake ya kusikilizia na kuitia mfukoni. Kisha akamgeukia Koleta, binti wa mgonjwa, aliyekuwa amesimama mlangoni. Homa ya mapafu imekwisha, alisema, lakini imeuacha mwili mtupu kama ghala la mwezi wa pili. Mama huyu apumzike. Asiinue ndoo, asitwange, asilime, asipulize moto. Asipopumzika sasa, mvua zikianza ugonjwa utarudi, na ukirudi utamkuta hana nguvu ya kupambana nao.

"Nitapumzika, Sista," alisema Eustadia kwa adabu.

Jioni ileile Koleta alimkuta nyuma ya nyumba akitwanga karanga.

"Mayu, Sista amesemaje?"

"Amesema nipumzike. Ndiyo napumzika. Jana nilitwanga nimesimama, leo nimekaa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa mama yake. Nyumba yao ilikuwa Kigwa, hatua chache kutoka kwenye reli, na tangu Koleta apate akili hakuwahi kumwona mama yake ameketi mikono yake ikiwa mitupu. Hata kanisani, padre akihubiri, vidole vya Eustadia vilikuwa vikinyoosha pindo la kanga, kana kwamba kukaa bure mbele ya Mungu ni kumvunjia heshima.

Koleta alikuwa ametoka chuo cha ualimu mwaka uliopita, na sasa alifundisha darasa la pili katika shule ya wasichana Tabora mjini. Alikuwa bado na ile imani ya mtu aliyemaliza masomo juzi: kwamba jambo likiwa jema, njia yake ipo, kazi ni kuitafuta. Akakaa akafikiri. Kosa la mama yake, aliona, si ukaidi. Nyumbani ndipo kazi zilipoishi. Kinu kilimwita, jembe lilimwita, kuku walimwita, na yeye aliitika. Dawa ilikuwa kumpeleka mahali ambako kazi hazimjui.

Na mahali penyewe alikwisha kupaona, kwenye gazeti la Nairobi lililofungiwa sukari. Palikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu amelala kwenye kiti kirefu juu ya mchanga, kofia usoni, maji mbele yake. Chini yake paliandikwa kwamba bei ni moja tu, na ndani yake mna chumba, chai, chakula cha mchana na cha usiku. Koleta alikikata kipande kile akakiweka kwenye Biblia yake. Si kwamba alimwonea wivu mwanamke yule. Kilichomgusa ni mikono. Mikono ya mwanamke yule ilikuwa imelala pembeni mwake, imefunguka, haina chochote.

Nauli haikuwa tatizo. Baba yake, Raymundi, alikuwa mnyapara wa kikosi cha kutengeneza njia ya reli, na kila mwaka alikuwa na haki ya pasi ya kusafiri bure na jamaa yake. Kwa miaka yote hiyo hakuitumia kwenda mbali kuliko Tabora. Sasa alikuwa anastaafu Desemba, na pasi ingekwenda pamoja na kazi. Kwa hiyo ni likizo hii ya mwezi wa nane, au basi.

Koleta alianza kuuliza. Aliingia ofisi moja ya safari mjini, akaulizia hoteli za kando ya ziwa Kigoma, na karani akamuuliza kwa upole kama ametumwa na memsahibu wake. Aliposema ni kwa ajili ya mama yake mzazi, karani alikohoa, akapanga upya kalamu zilizokuwa zimepangwa tayari. Aliuliza nyumba ya wageni ya mapadre, akaambiwa inapokea wanaume tu. Aliuliza nyumba moja Ujiji, akajibiwa kwamba chumba kipo, kizuri, na nyuma kuna mafiga na kuni za kutosha, mtajipikia wenyewe. Hiyo Koleta aliikataa palepale. Kumtoa mama yake kwenye mafiga ya Kigwa kumpeleka kwenye mafiga ya Ujiji hakukuwa kumpumzisha, kulikuwa kumhamisha.

Aliyemsaidia ni Yahaya, mshonaji mwenye cherehani yake kwenye baraza ya duka la Mhindi, ambaye ujana wake aliumalizia Kigoma.

"Kuna Mzaramo mmoja pale Kibirizi, kando ya Kigoma, anaitwa Mwanne," alisema Yahaya, uzi kinywani. "Mjane wa baharia wa meli ya ziwani. Makarani wakisubiri meli hulala kwake. Nyumba iko juu ya mchanga kabisa, ukitema mate yanaangukia majini. Bei moja. Kitanda, chai, mchana, jioni. Ule kama ndege, ule kama fisi, bei ni hiyohiyo."

"Na bei yenyewe?"

Yahaya aliitaja. Koleta alihisi moyo wake unapanda ngazi. Ilikuwa ndani ya uwezo wake.

"Ila ana mdomo," alisema Yahaya.

"Mdomo wa namna gani?"

"Mdomo wa kwao." Akauondoa uzi, akamtazama, akacheka peke yake. "Nawe ni Mnyamwezi. Utaujua ukifika."

Koleta hakulitilia maanani. Alimpa mlinzi wa gari moshi pesa za wiki moja azifikishe, na jibu likarudi kwa mdomo wa mlinzi huyohuyo: waje.

Kazi ikabaki kumshawishi mwenyewe. Eustadia alisikiliza habari ya ziwa, ya mchanga, ya kupikiwa asubuhi na jioni.

"Nitakula chakula cha mtu nisiyemjua?"

"Utamjua ukifika, mayu."

"Na yeye hatajua mimi sili pilipili."

Mwishowe alikubali kwa sharti moja. Atakwenda na chungu chake. Kilikuwa chungu cheusi, cha kadiri, alichopikia nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo kwa karanga hayana mfano. Atachukua na nsansa kidogo, na karanga, na unga. Si kwamba atapika, alisema. Ni tahadhari tu. Koleta alikiona chungu kile kama mtu anavyoona nyoka mlangoni, lakini akakubali, maana bila chungu hapakuwa na safari.

Gari moshi lilipoiacha Tabora likashika njia ya magharibi, Raymundi alikaa dirishani kama mgonjwa wa usingizi aliyeamshwa. Hakutazama miti. Alisikiliza reli. Mara kwa mara alisema, "Hapa pamelegea," kisha akakumbuka kwamba yuko likizo. Modest, mdogo wake Koleta, mwenye umri wa kuanza shule, alining'inia begani kwa baba yake na kuuliza kila kitu. Kituo cha Usinge walipanda watu wenye asali kwenye vyombo vya magome ya miti, na behewa zima likanukia msitu.

"Reli hii imelala juu ya njia ya miguu," Raymundi alimwambia Modest. "Babu yako alipita hapahapa. Na mzigo begani."

"Mzigo gani?"

"Baba, tazama, tunakaribia mto," alisema Koleta upesi.

Neno lile la mzigo hakulipenda. Chuoni, kwenye kitabu cha historia, mlikuwa na picha ya wapagazi, watu wasio na majina wamefuatana kama siafu, na mwalimu aliposoma kwamba wengi wao walikuwa Wanyamwezi, darasa lote liligeuka kumtazama yeye. Aliapa siku ile kwamba watu wake hawatachorwa hivyo tena. Kwake, mama yake kulala juu ya mchanga mikono mitupu kulikuwa sehemu ya kiapo hicho.

Yahaya hakuwa ametia chumvi. Nyumba ya Mwanne ilikuwa juu ya mchanga kabisa, nyeupe kwa chokaa, na mbele yake ziwa lilikuwa limetandaa mpaka macho yachoke. Michikichi ilitia kivuli upande mmoja. Eustadia alisimama, chungu kichwani kimefungwa kwenye kanga, akalitazama lile ziwa. Koleta akafurahi kiasi cha kuogopa.

Mwenye nyumba akatoka. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, na kanga mbili zilizofungwa kwa haraka.

"Karibuni, karibuni. Ndio wageni wa Tabora?"

"Ndio sisi," alisema Raymundi. "Wa Kigwa hasa."

Mwanne akasimama. Akaweka mikono kiunoni. "Kigwa. Wanyamwezi?"

"Ndio haohao."

"Ole wangu na nyumba yangu," alisema Mwanne, akiangalia juu kama anayemshitakia Mungu. "Nimepiga chokaa juzi tu, leo wananiletea wapagazi. Nyinyi, nani amewaambia msimame? Tueni mizigo. Pembe za ndovu ziko wapi? Nimewangoja miaka yote hii mniletee pembe, mnaniletea chungu?" Akamwendea Eustadia, na kabla mtu hajafumba macho chungu kilikuwa mikononi mwake. "Hiki nimekiteka. Mpagazi hali kwenye chungu, hula njiani."

Koleta alimtazama mama yake. Midomo ya Eustadia ilikuwa inatetemeka. Koleta akakumbuka picha ya kitabuni, na karani aliyepanga kalamu zake. Akanyoosha mikono akakishika chungu.

"Tafadhali," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani. "Sisi si wapagazi. Mimi ni mwalimu. Tumelipa pesa zetu kama wageni wengine, na tutaheshimiwa kama wageni wengine."

Maji yalisikika yakija mchangani na kurudi. Mwanne alikitazama chungu, akamtazama Raymundi ambaye alikuwa anatazama viatu vyake, kisha akakirudisha kwa mikono miwili.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Sikujua. Karibuni ndani."

Tangu hapo hakuna mtu angeweza kulalamika. Shuka zilikuwa safi. Maji ya kuoga yalikuja ya moto. Chakula kilifika kwa wakati wake, wali na samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, maharage yenye mawese yanayong'aa, na vyote viliwekwa mezani kwa mikono miwili. "Karibuni chakula, wageni wangu." "Kuna kilichopungua, mwalimu?" Mwanne hakukaa nao. Hakuuliza habari za njiani. Alipotoka alirudi nyumanyuma kidogo, kama mtumishi katika nyumba ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.

Koleta alijiambia kwamba hii ndiyo heshima aliyoitaka. Lakini mama yake alikaa kwenye kiti cha barazani amenyooka kama aliyeitwa ofisini, miguu pamoja, kanga imebanwa. Hakusogea mchangani. Alikula robo ya sahani na kushukuru mara nyingi mno. Koleta alipomwambia akajilaze kivulini, alijibu kwamba yupo tu, hana neno.

Asubuhi ya pili Koleta aliamka akasikia harufu ya moshi. Akatoka mbio. Nyuma ya nyumba, karibu na michikichi, Eustadia alikuwa amepiga magoti mbele ya mawe matatu, chungu juu yake, anapuliza moto. Kila pumzi iliyotoka ilifuatwa na kikohozi, kile kikohozi kikavu ambacho Koleta alidhani wamekiacha Kigwa.

"Mayu. Chakula kimekwisha kulipiwa."

"Najua."

"Sasa?"

"Hakishuki." Eustadia alijifuta macho. "Yule mwenzangu ananiinamia kila akileta sahani kama mimi ni mke wa gavana. Siwezi kula kwa mtu niliyemkosea."

"Uliyemkosea? Si yeye aliyetutukana mlangoni? Ukataka kulia."

Eustadia alimgeukia, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kulia? Nilikuwa nazuia kicheko, mwanangu. Nilikuwa natafuta la kumjibu, na nilikuwa nimelipata." Akachochea ukuni. "Nenda kamsikilize baba yako. Mimi nikisema sana nakohoa."

Raymundi alikuwa amesimama majini, suruali imekunjwa magotini, Modest akimrushia maji. Koleta alibaki mchangani na viatu vyake.

"Baba, nimekosea?"

Raymundi alimgeukia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Utani unaujua," alisema.

"Naujua wa msibani. Watani wakija wanazuia jeneza, wanadai chakula. Lakini hapa tumelipia kitanda, baba. Sikudhani utani unaweza kumfuata mtu kwenye kitanda alicholipia."

"Hawa Wazaramo na sisi ni watani wa njia. Babu yako alipofika huko kwao pwani, hana ndugu, hana kitu, anaumwa miguu, nani alimpokea? Haohao. Na waliokufa huko walizikwa na haohao, wanatukanwa huku kaburi linachimbwa. Ndivyo walivyofanya wasilie." Akainama akamnyang'anya Modest kijiti. "Yule mama alikuwa anatufungulia mlango, Koleta. Wewe ukamwonyesha risiti."

Koleta akainamisha uso.

"Na jingine," alisema baba yake, sasa kwa sauti ya chini zaidi. "Ulisema sisi si wapagazi. Mimi ni mtoto wa mpagazi. Wakati wa babu yako kijana asiyekwenda pwani hakutazamwa na msichana. Alikuwa na kovu hapa, begani, gumu kama kwato. Alitushikisha sisi watoto kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, na asiyepata zamu yake alilia. Hakuna aliyetuambia kwamba ni jambo la kuonea haya. Sijui nyinyi mmeambiwa na nani."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Koleta. Alivua viatu, akaviacha pale, akatembea ukingoni mwa maji mpaka nyumba ikawa ndogo. Aliifikiria ile picha. Hakuwahi kujiuliza kama bega la yule mtu wa mbele lilikuwa na kovu, wala kama kulikuwa na watoto mahali fulani wanaongoja zamu ya kuligusa. Na chungu kile alichokiogopa safari nzima, Mwanne alikuwa amekichukua mlangoni, tena kwa haki isiyopingwa, maana mtani akiteka hapana kununa. Mama yake asingepika wiki nzima. Koleta mwenyewe ndiye aliyemrudishia.

Akageuka. Njiani alitunga matusi, akayapanga moyoni kama anayetayarisha somo. Alipofika jikoni yote yalikuwa yametoroka.

Mwanne alikuwa amekaa kwenye kigoda anaparua samaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kuna kilichopungua?"

"Hapana. Nimekuja kukutukana."

Kisu kilisimama. Mwanne alimtazama kuanzia miguu peku mpaka kichwani, na uso wake haukuonyesha kitu.

"Haya, tukana. Ila upesi, nina samaki."

"Nyinyi Wazaramo," alianza Koleta, akaanza tena. "Nyinyi Wazaramo ni wavivu."

"Hilo wanalisema hata watoto. Jingine."

"Mnakula papa aliyeoza."

"Tena mtamu. Jingine."

Koleta alitazama huku na huku kama mwanafunzi anayetafuta jibu dirishani. Kupitia mlangoni aliliona ziwa.

"Mmekaa na maji tangu dunia iumbwe," alisema polepole, "na hamjaweza kuyanywa, kwa chumvi. Ndipo mkaja kuyafuata maji ya huku bara. Na hata njia ya kuja hamkuijua. Mlionyeshwa na wapagazi."

Shavu moja la Mwanne lilicheza. Koleta akaona, akapata nguvu, akaunyakua upawa uliokuwa umechomekwa ukutani.

"Huu nimeuteka," alisema, na kwa kuwa hakujua mtu akishateka hufanya nini, akakimbia.

Mwanne alimfuata akipiga kelele ambazo zilisikika bila shaka mpaka upande wa pili wa ziwa, kwamba ameibiwa, kwamba Wanyamwezi wamempora mjane, kwamba sasa atachota mchuzi kwa kiganja. Wakazunguka nyumba. Nyuma ya nyumba Mwanne aliona mafiga, akasahau upawa.

"Ala. Na hapa pia? Mnanipikia uani kwangu, mnipigie moshi chokaa yangu?" Akachukua tambara, akakiepua chungu na vyote vilivyokuwamo. "Mwalimu amechukua upawa, mimi nimechukua chungu. Mpaka siku ya kuondoka hamtakiona."

"Rudisha chungu changu, mwizi wa pwani," alisema Eustadia kutoka chini alipopiga magoti. "Mna nsansa humo."

"Ilikuwamo. Sasa mna chakula changu cha mchana."

"Utavimbiwa ufe, na sitakuzika."

"Utanizika tu. Mgongo umeumbiwa kubeba, utanibeba mpaka shimoni, tena na unene huu."

Koleta alimtazama Eustadia. Mama yake alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akakohoa, kikohozi kikaisha, na alipoinua uso alikuwa bado anacheka. "Hilo ndilo nililokuwa nataka kumjibu siku ile," alimwambia Koleta, akihema. "Kwamba kama ni mzigo, yeye peke yake ni mizigo miwili. Ukaninyima."

Raymundi na Modest walikuwa wamekuja kuona kelele ni za nini. Mwanne akawageukia wote, chungu mkononi, akasema kesi itasikilizwa hapohapo. Mwalimu amekana upagazi mbele ya mashahidi. Faini yake ni mzigo. Akamwonyesha kitanda cha kamba kilichoegeshwa ukutani.

"Kibebe mpaka kule kivulini. Kichwani, si mikononi. Nataka nione kama damu ya babu yako imekauka."

Koleta akauweka upawa chini, akakipandisha kitanda kichwani. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na kilitaka kuanguka upande wa kushoto. Modest alichuma jani la mgomba akalishika juu kama bendera, akatangulia. Nyuma yao Raymundi, yule asiyekuwa na maneno mengi, akaanza kuguna mdundo wa polepole, mguno wa mtu anayetembea na uzito, ambao Koleta hakuwahi kuusikia kutoka kwake. Miguu ya Koleta ikaufuata yenyewe. Kitanda kikatulia. Mwanne alikuja mwisho, akiwahimiza na kuwatukana, amemshika Eustadia mkono.

Walikiweka kitanda chini ya michikichi, uso kwa maji.

"Na zile pesa zetu, mama?" Koleta aliuliza, maana sasa hakujua kama mtani humtoza mtani.

"Pesa nimekwisha kula. Umeona wapi mtani akatapika?" alisema Mwanne. "Lakini mkiondoka mtaondoka na dagaa mpaka mjute. Na mwakani mkija na pesa nitazitupa majini."

"Mwakani hatuna pasi. Baba anastaafu."

"Babu yako alikuwa na pasi?"

Koleta alicheka, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwaka ujao angeweza kuweka akiba ya nauli ya mtu mmoja, labda wawili. Njia ipo.

Mwanne akarudi jikoni na upawa wake chini ya kwapa. Raymundi na Modest walirudi majini. Eustadia akaketi pembeni mwa kitanda, kisha akapandisha miguu, kisha, kama mtu anayejaribu kina cha mto, akalala chali.

"Nani anatazama moto?" aliuliza.

"Mwanne."

"Na maji?"

"Yamechotwa, mayu."

"Modest asije akaenda kwenye kina."

"Yuko na baba."

"Na kile chungu. Yule mwanamke akikipasua..."

Koleta alingoja sentensi iishe. Haikuisha. Alipotazama, macho ya mama yake yalikuwa yamefumba, kifua kinapanda na kushuka bila kukwaruza, na mikono yake imelala pembeni, viganja juu, vimefunguka. Jua lilikuwa halijafika hata utosini. Koleta hakujua kama mama yake amewahi kulala mchana tangu azaliwe.

Akakaa mchangani karibu na kichwa cha kitanda, akifukuza nzi kwa lile jani la mgomba.

Baadaye Mwanne alikuja na sinia, na kabla hajafika alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Koleta akainua mkono. Mwanne akaona, akafunga kinywa, akanyata.

"Mwambie mpagazi chakula kiko tayari," alinong'ona.

"Akiamka."

"Kitapoa."

"Kipoe, mama."

Mwanne alifikiri kidogo. Akakifunika chakula kwa kawa, akajikunja taratibu na unene wake mpaka chini, akaketi upande wa pili wa kitanda, na wote wawili wakangoja.